Kabati lililooza miguu: kisa cha jiko moja la Kigamboni

Jiko lenyewe ni la kawaida: ukuta mmoja wa mita 3, dirisha katikati, sinki chini ya dirisha. Makabati ya chini yalijengwa kwa chipubodi nyeupe ya melamini, unene wa milimita 18, juu yake granaiti ya sentimita 2. Pembeni kuna shubaka la ukutani lenye upana wa sentimita 95, na ndani yake rafu tano za vyakula, nazo za chipubodi ile ile. Nyumba iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba bati jipya huanza kutu mapema. Kazi ilikabidhiwa ikiwa safi kabisa. Baada ya miaka miwili mlango wa sinki uling'oka ukabaki mkononi mwa mtoto aliyeenda kutoa sabuni.

Kilichokutwa baada ya kufungua kila kitu ni hiki. Mbavu za makabati, yaani bodi zake za pembeni, zilikuwa zimevimba miguuni: ukipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, chini kabisa unapata milimita 25, ukipanda sentimita 15 unarudi kwenye 18 kama ilivyonunuliwa. Sakafu ya kabati la sinki ilikuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Bawaba za mlango zilitoka na vipande vya bodi vikiwa bado vimeshika skrubu. Rafu ya chini ya shubaka, ile inayobeba unga na mchele, ilikuwa imelala sentimita 2 katikati. Na chini ya vipande vya mbao ya paini vilivyoshikilia rafu kulikuwa na vumbi laini kama unga wa sembe, yaani bungua, wadudu watoboao mbao, walishahamia.

Ukitazama juu juu utasema chipubodi ni mbovu, tuhame twende MDF, ile bodi ya nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa. Mama mwenye nyumba alianzia hapo hapo.

"Fundi, si uweke MDF tu? Kila mtu ananiambia ndiyo imara."

"Imara ni kweli, mama. Lakini kule miguuni maji hayaulizi jina la bodi."

Fundi alikuwa sahihi. Makabati yale yalikuwa na matatizo matatu tofauti, na hakuna bodi moja inayoyatibu yote: maji chini, uzito kwenye rafu, na skrubu zilizoshikwa na kitu kisichoshika. Uso wa bodi, ambao ndio watu huuchagulia rangi dukani kwa nusu saa, ulikuwa mzima kila mahali. Kilichokufa ni kingo.

Maji yaliingilia wapi

Chipubodi na MDF zote hutengenezwa kwa kugandamiza chembe au nyuzi za mbao kwa gundi, joto na mashine yenye nguvu kubwa. Nyuzi zile zimelazwa kwa nguvu. Zikipata maji, hunyanyuka kurudi kwenye umbo lake la mwanzo, na hapo ndipo inapokuja tofauti na mbao ya kawaida: mbao ya mninga ikilowa huvimba kidogo, ikikauka hurudi. Chipubodi ikishavimba hairudi. Isitoshe, gundi ya bodi za kawaida, ile ya yuria, yenyewe huvunjika taratibu ikikaa kwenye unyevu na joto. Kwa hiyo hata sehemu isiyovimba sana hupoteza nguvu ya kushika skrubu.

Melamini haipitishi maji. Lakini melamini iko pande mbili tu, juu na chini ya bodi. Kingo huzibwa kwa utepe, ambao mafundi wanauita ejingi, na katika kazi ile ejingi ilikuwa mbele peke yake, pale inapoonekana na mgeni. Kingo za chini za mbavu zilisimama wazi juu ya vigae. Kila siku jiko linapigwa deki; maji ya deki yanakaa kwenye mstari ule dakika kumi, ishirini, yananyonywa kwenda juu. Ukizidisha kwa siku za miaka miwili unapata milimita zile saba za uvimbe.

Kwenye sinki chanzo kilikuwa kingine. Kikombe cha bomba la maji machafu kilikuwa kikidondosha tone moja moja kwenye uzi wa kufungia, na sakafu ya kabati ilikuwa tambarare, ina ukuta nyuma na mlango mbele. Tone halikuwa na pa kutokea. Hakuna aliyeliona mpaka bodi ilipofumuka. Ukiniuliza, hili ni kosa la usanifu zaidi kuliko la bodi: kabati la sinki lisilotoa maji nje ni beseni lenye milango.

Kila sehemu na bodi yake

Kwa mbavu, sakafu na rafu ilichaguliwa plaiwudi ya milimita 18 yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji, ile inayouzwa kama marini bodi. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mbao zilizopishanishwa nyuzi, kwa hiyo haifumuki kama uji, na skrubu inashika hata ubavuni. Jina la marini lisikudanganye, maana dukani linapewa bodi nyingi ambazo hazijawahi kustahili. Omba kipande cha sentimita 10, kichemshe kwenye sufuria saa tatu au nne, kianike kikauke kabisa, kisha jaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Bodi ya gundi ya yuria itakuwa imeshaachana. Kabla hata ya kuchemsha, tazama ukingo: plaiwudi nzuri ya milimita 18 ina tabaka nyingi, tisa hadi kumi na tatu, na hazina matundu. Ukiona tabaka tano nene na nafasi unazoweza kuingiza kiberiti, hapo utapiga skrubu hewani.

Pia nenda na kalipa dukani. Plaiwudi ya 18 mara nyingi ni 17, wakati mwingine 16.5. Jambo hili litarudi.

Kwa milango ilichaguliwa MDF, na hapa ndipo mama alipopata haki yake. Mlango hausimami kwenye maji. Unaning'inia, unalowa kwa mkono na kukauka kwa upepo. Mahitaji yake ni uso laini wa kupaka rangi na kutopinda, na MDF inashinda plaiwudi kwa yote mawili. Ilichukuliwa ile ya kuhimili unyevu, yenye kiini cha kijani. Rangi ya kijani ni alama tu, haizuii chochote yenyewe, kwa hiyo mwombe muuzaji akuonyeshe muhuri wa kiwandani. Na hata hiyo haivumilii kusimama majini.

Mbao ngumu ilitumika kidogo, mahali pawili: vishikilio vya rafu ukutani, na ubapa wa mbele wa kila rafu, yaani kibao kinachosimama chini ya ukingo wake. Mninga unatosha, mkongo pia. Sharti ni kiini tu, ile sehemu ya kahawia. Sehemu nyeupe ya pembeni mwa mninga huliwa na bungua kama paini isiyotiwa dawa, na wauza mbao huiacha kwa sababu inaongeza upana wa ubao. Iondoe kwa randa au usinunue. Na usichukue mbao ya mninga bila risiti na hati ya kusafirishia. Ni mbao inayosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Kwa nini kabati zima lisiwe la mninga? Bei ni sababu moja, lakini mbao pana za kipande kimoja husogea. Hewa ya pwani huiweka mbao kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi. Mbao iliyokauka bara kavu, au kinyume chake iliyopasuliwa mbichi wiki iliyopita, itavimba au kusinyaa ikifika jikoni. Ubavu wa sentimita 56 unaweza kubadilika milimita kadhaa kwa upana, na ukiwa umefungwa kwa skrubu pande zote utapasuka. Mbao hiyo inahitaji fremu na paneli inayoelea kwenye mfereji, nayo ni kazi ya siku nyingi. Kwa mlango wa sebuleni inafaa. Ndani ya kabati la sufuria ni kujichosha.

Msingi kwanza

Granaiti ilitolewa vipande viwili, sinki likiwa kwenye kimoja. Mita 3 kwa sentimita 60 za granaiti hiyo ni karibu kilo 95. Kipande chenye tundu la sinki kinabebwa kikiwa kimesimama kwa ubavu, kamwe si kwa kulala, kwa sababu ile michirizi myembamba mbele na nyuma ya tundu ndiyo huvunjika. Vifungwe vibao viwili kuvuka tundu kabla ya kunyanyua.

Makabati mapya hayakurudishwa sakafuni. Lilimwagwa tuta la zege la sentimita 10, kina chake sentimita 50, ili kabati la sentimita 56 lining'inie sentimita 6 mbele na vidole vya mpishi vipate pa kuingia. Uso wa mbele wa tuta ulibandikwa vigae kama sakafu. Deki sasa inagonga kigae. Miguu ya plastiki ya kurekebisha ingefanya kazi hiyo hiyo, na kwa mpangaji ambaye siku moja atahama na kabati lake ndiyo bora; lakini mende hupenda giza lile la nyuma ya miguu, na hii ni nyumba ya mwenyewe.

Zege likionekana kavu bado linatoa maji kwa wiki nyingi. Kati yake na mbao ikalazwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ile ya kuweka chini ya msingi. Nailoni hiyo haizuii mchwa peke yake, ila tuta la zege lenye uso wa vigae linawalazimisha kupanda kwa njia za udongo zinazoonekana, badala ya kutokea moja kwa moja kwenye ufa wa sakafu na kuingia ndani ya ubavu.

Chini ya sinki hakukuwekwa sakafu ya mbao kabisa. Tuta lilibandikwa vigae juu pia, likainamishwa sentimita 1 kuelekea mbele. Mbavu mbili za kabati hilo zimesimama kwenye vipande vya plastiki vilivyopangwa kufidia mteremko, na mstari wote wa chini ukazibwa kwa silikoni.

Kukata: karatasi tatu na moja

Karatasi ya bodi ni futi 8 kwa 4, yaani milimita 2440 kwa 1220. Msumeno hula milimita 3 kila mkato. Ukuta wa mita 3 uligawanywa kuwa maboksi matatu: mawili ya 1100 na moja la sinki la 800. Kimo cha boksi ni 730. Ukijumlisha 100 za tuta na 20 za granaiti unapata meza ya kazi ya 850. Mpishi mrefu ataomba 900, na ni haki yake kuomba kabla zege halijamwagwa.

Hesabu ya plaiwudi, kwa milimita:

- mbavu na vigawio, 730 × 560: vipande 8 (vitatu kwa kila boksi kubwa, viwili vya sinki)
- sakafu, 1064 × 560: vipande 2
- mbao za juu za kufungia, upana 90: nne za 1064 na mbili za 764
- rafu za ndani, 521 × 520: vipande 4
- rafu za shubaka, 946 × 400: vipande 5

Karatasi ya kwanza inatoa mbavu sita, tatu kwa urefu na mbili kwa upana, na ukanda wa 94 unaobaki pembeni unakuwa mbao mbili za juu za 1064. Mwishoni mwa karatasi kunabaki kipande cha kutosha zile mbili za sinki. Ya pili inatoa mbavu mbili, sakafu zote, rafu mbili za ndani, na ukanda wa pembeni tena unatoa mbao mbili. Ya tatu inatoa rafu za shubaka, na kwenye mwisho wake rafu mbili za ndani zilizobaki zinaingia kwa kubanana. Karatasi tatu kamili. Milango sita (minne ya 727 × 547 na miwili ya 727 × 397) inaingia yote kwenye karatasi moja ya MDF. Migongo ya maboksi makubwa inatoka kwenye karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 6. Boksi la sinki halina mgongo. Bomba zinahitaji kufikiwa.

Zingatia mwelekeo. Nyuzi za uso wa plaiwudi huwa zinakimbia kwa urefu wa karatasi, na rafu lazima ikatwe ili nyuzi zikimbie kutoka kishikilio hadi kishikilio. Ukiigeuza ili kuokoa kipande, umepoteza sehemu kubwa ya ugumu wake.

Mikato mirefu ipelekwe kwa mwenye mashine ya meza. Kwa msumeno wa mkono wa umeme, meno yanakata yakipanda, kwa hiyo uso mzuri uwe chini. Kwa mashine ya meza ni kinyume, uso mzuri juu. Bleidi iwe ya meno 60 au zaidi, na chora mstari kwa kisu kikali kabla ya mkato, plaiwudi isichanike. Vumbi la MDF ni laini kuliko la mbao na lina gundi ndani yake: fanyia nje, vaa barakoa.

Na hapa ndipo ile kalipa ilirudi. Sakafu za 1064 zilihesabiwa kwa bodi ya 18 kamili: 1100 kutoa 36. Bodi ilikuwa 17. Maboksi yakatoka 1098, na kwa maboksi mawili zikapotea milimita 4, boksi la sinki nalo likapungua 2. Jumla milimita 6 kwenye mita 3. Haikuwa balaa, pengo lilizibwa kwa kibao chembamba ukutani, na pengo la namna hiyo ni zuri kuwa nalo kwani kuta za plasta haziko wima. Rafu za ndani hazikudhurika, maana nafasi ya ndani ilibaki 1064 na kigawio chembamba kiliziachia upenyo zaidi.  Pima unene halisi, ndipo uandike orodha.

Kuunga

Kingo zote zilipakwa kabla ya kuunga, hasa zile za chini ambazo hazitaonekana tena. Vanishi ya poliyurethani, mkono wa kwanza umechanganywa na thina kidogo ili uzame, kisha mikono miwili mizito. Ukingo wa plaiwudi hunywa vanishi kama mchanga unavyokunywa maji. Ukiona mkono wa pili umefyonzwa ukawa mkavu, ongeza. Ni dakika ishirini za kazi kwa boksi, na hakuna hatua nyingine katika kisa hiki iliyonunua miaka mingi kwa bei ndogo kama hii.

Skrubu zilikuwa 4 × 50 za mabati, na kwa boksi la sinki za chuma kisichoshika kutu. Zile nyeusi za jipsamu, ambazo zimejaa kila sanduku la fundi kwa sababu ni rahisi, ni ngumu lakini hukatika shingo zikibebeshwa uzito wa kukata, na hewa ya chumvi huzila. Toboa kwanza kwa biti ya 2.5 au 3, zama kichwa, na usikaribie kona chini ya sentimita 5. Kwa plaiwudi hili hupunguza mpasuko. Kwa ukingo wa MDF bila tundu la awali mpasuko ni hakika. Gundi nyeupe ya mbao, ile ya kuhimili unyevu, ipakwe pande zote mbili, klampu zikae nusu saa hadi saa nzima.

Kabla gundi haijashika, pima mishazari. Kona hadi kona, kisha kona hadi kona ya pili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 2, sukuma kwenye kona ya mshazari mrefu mpaka zilingane, ndipo upigilie mgongo. Mgongo ule mwembamba ndio unaoshika boksi lisigeuke pembenne ya kulala. Makabati ya zamani yalikuwa na hadibodi ya milimita 3 iliyoshikwa kwa misumari midogo. Ilipolowa iliachia, na kila mlango uliokuwa unasugua mwenzake ulianzia hapo.

Rafu za shubaka

Hapa tulikuwa na tatizo la uzito mtupu, bila maji. Rafu ya sentimita 95, kina 40, imebeba kilo 40 za unga, mchele na maharage. Chipubodi ya 18 ikishikiliwa ncha mbili tu, kwa mzigo uliosambaa, inalala kama milimita 11 siku ile ile. Kisha inaendelea kulala polepole, kwa sababu bodi za chembe huchoka chini ya mzigo wa kudumu; baada ya mwaka au miwili kipimo huweza kuwa mara mbili. Ndizo zile sentimita 2. MDF ingeanzia kwenye 7 au 8. Plaiwudi, nyuzi zikiwa zimeelekea vizuri, 3 hivi.

Ugumu wa rafu unafuata unene kwa kipeo cha tatu: kutoka 18 kwenda 25, rafu inakuwa ngumu zaidi ya mara mbili na nusu. Nafasi kati ya vishikilio ina nguvu zaidi. Mzigo uliosambaa ukiwa ule ule kwa kila sentimita, ukikata nafasi nusu, kulala kunapungua mara 16. Mama hakutaka kigawio katikati, kwa sababu ndoo yake ya unga haingepita. Basi ikabaki njia ya ubapa: kibao cha mninga cha milimita 20 kwa 40, kimesimama kwa upana wake, kimegundishwa chini ya ukingo wa mbele. Kibao hicho peke yake kina ugumu unaokaribia wa rafu nzima ya plaiwudi, kwa sababu mbao iliyosimama hubeba kuliko iliyolala. Ndiyo sababu kenchi hazilazwi.

Nyuma, kishikilio kinakimbia urefu wote wa ukuta, pamoja na viwili vya pembeni. Rafu inakaa kwenye pande tatu, na ubapa unabeba wa nne. Kwa kilo 40 inalala chini ya milimita 2, jicho halioni.

Vishikilio vyenyewe vilifungwa kwa fisha za 8, vile vizibo vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani. Fundi wa kwanza alikuwa ametumia skrubu za milimita 50, na kosa linaonekana ukijumlisha: kibao 25, plasta 15, zinabaki 10 tu ndani ya tofali. Plasta haibebi kitu. Skrubu ya 80 inakupa 40 ndani ya tofali, kila baada ya sentimita 40 au chini. Tofali la kichanga lililochanganywa saruji kidogo litakumwagikia vumbi ukitoboa. Toboa bila kugonga, futa vumbi, na ukiona fisha inazunguka, hamisha tundu sentimita 5.

Bawaba na rangi

Milango sita, bawaba mbili kila mmoja. Mlango mkubwa una uzito wa kilo 5 na kitu, kwa hiyo mbili zinatosha. Tundu la kikombe ni milimita 35, kitovu chake 22 na nusu kutoka ukingoni, kina 13 na si zaidi: bodi ni 18 na ncha ya biti hutokea upande wa pili bila kukuaga. Bawaba ikae sentimita 10 kutoka juu na chini. Milango yote inafungwa kwenye mbavu za nje za boksi, inakutana katikati, hivyo aina moja ya bawaba inatosha, ile ya kufunika ubavu wote.

Milango ilipigwa msasa wa 180, kingo zikapakwa msingi wa mafuta mara mbili na msasa wa 240 katikati, ndipo rangi. Msingi wa maji kwenye ukingo wa MDF husimamisha nyuzi, ukingo unabaki na manyoya hata upake mara ngapi.

Chini ya granaiti, sentimita 1 kutoka ukingo wa mbele, kilichimbwa kifereji cha milimita 3 kwa diski. Maji yanayomwagika juu yakizunguka ukingo yanafika kwenye kifereji na kudondoka sakafuni, hayafuati chini mpaka kwenye kichwa cha mlango. Mtungi wa gesi ulioingia kwenye boksi la kulia ulidai jambo lake: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutulia chini, hivyo sakafu ya boksi hilo ilitobolewa tundu mbili za sentimita 5 kwenye ile sehemu inayoning'inia mbele ya tuta, na juu ya mgongo tundu nyingine.

Mwezi wa tatu, masika yakiwa yameanza, milango miwili iligusana kwa juu. Zamu nusu ya skrubu ya pembeni kwenye bawaba ikamaliza. Na kikombe cha bomba kikadondosha tena, pale pale kwenye uzi. Safari hii maji yalifuata mteremko wa vigae, yakapita chini ya milango, yakaonekana kwenye sakafu ya jiko asubuhi hiyo hiyo.